Asimo na Taa ya Argyris

Padri Stathis, ndugu wafiwa, majirani wa Pefkorachi, na ninyi mliovuka kwa feri asubuhi hii kuja kutushika mkono, mimi ni Pandelis, mfuga nyuki, mdogo wake marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu watoto wake wawili walijaribu kuyasoma haya jana mezani wakashindwa kuumaliza mstari wa kwanza. Sauti yangu ni ya kukwaruza kama mnavyoijua, nivumilieni.

Marehemu Asimina Karavela, ambaye hakuna aliyemwita jina lingine ila Asimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa hapa Pefkorachi, kaskazini mwa kisiwa cha Evia, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu Stamatis, mgema utomvu wa misonobari, na mama yetu Zafiro, nami kitinda mimba nikafuata baada ya miaka sita, kwa hiyo mgongo wa kwanza kunibeba ninaoukumbuka ni wake.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hiki kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akawa wa kwanza darasani, mwalimu akapanda mpaka kwetu kumsihi baba ampeleke sekondari, baba akajibu kwamba msonobari haumsubiri mtu, na wiki iliyofuata dada yangu akaingia msituni na kishoka mkononi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Asimo alisifiwa na wagema wa vijiji vyote vya jirani na mkono wake haukuharibika, alichubua gome jembamba kama karatasi, akapaka dawa, akafunga mfuko wa kukingia utomvu, akarudi baada ya siku kadhaa kukata juu kidogo ya kovu la zamani, akisema mti ukijeruhiwa kwa adabu unakusamehe na kumlisha mjukuu wako.

Tarehe 7 Mei 1978, Jumapili iliyofuata Pasaka, alifunga ndoa na Argyris Karavelas, naye mgema, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, wakajaliwa watoto wawili, Vasilo aliyezaliwa mwaka 1980 na Kosmas mwaka 1983, na kwa tanuri lililokuwa uani kwake Asimo aliwaokea mkate watoto wake na nusu ya mtaa huu, na wengine waliokula mkate ule wamesimama mbele yangu sasa.

Tarehe 6 Agosti 2021 moto wa msituni ulishuka mlima wetu. Asimo alivutwa kwa nguvu mpaka ufukweni akapandishwa feri, Argyris na Kosmas wakabaki na mpira wa maji, na akiwa juu ya feri aliutazama mlima wote ukiwaka bila kujua kama mume na mwanawe wako hai, mpaka kesho yake mchana alipowaona wakitembea, weusi kwa masizi. Nyumba ilipona, miti haikupona hata mmoja. Argyris alikaa uani akiangalia majivu akamwambia, "Mti nitakaougema mimi haujazaliwa, Asimo," na tarehe 21 Januari 2022 moyo wake ukasimama, akazikwa hapa tulipo.

Ndugu zangu, watu walidhani moto ule ulizimwa na mvua, lakini kwa dada yangu haukuzimika. Aliziba mdomo wa tanuri kwa udongo na mikono yake mwenyewe, akampa jirani mkaa wake wote, viatu na mfuko wa safari vikakaa mlangoni majira yote ya joto, na mimi ninayefukizia nyuki moshi kila siku nililazimika kuoga baharini kabla ya kumsalimia, hata Desemba, kwa sababu harufu yangu ilimkimbiza mezani. Pasaka tatu mfululizo, tulipobeba mwali wa moto wa mshumaa kutoka kanisani kuchora msalaba wa moshi juu ya milango yetu, mlango wake ulibaki mweupe.

Lakini kilichomla zaidi ni taa. Mjane wa kijiji hiki huja kaburini kila jioni, akatia mafuta ya zeituni, akawasha utambi, ili mumewe asilale gizani, na Asimo alikuwa akija, akapangusa kioo, akatia mafuta, akashika kiberiti, akashindwa kukiwasha, akarudi nyumbani akilia. Mimi nilijitolea kumwashia, akakataa, kwamba mume ni wake na taa ni yake. Vasilo akamnunulia taa ya betri, ndipo Bi. Marigo, ambaye namwona pale nyuma amevaa kitambaa kizuri, akasema hadharani penye bomba la maji, "Argyris si saa ya ukutani, mwenzangu, hatumii betri," watu wakacheka, na dada yangu akapita njia ya nyuma ya kijiji kwa mwaka mzima. Sikumwambia Marigo kitu siku ile, namwambia leo.

Mwaka 2023 alikuja binti mmoja, Danai, mshauri wa mambo ya moyo na akili, akakusanya watu kwenye darasa la shule, nasi wanaume tukasema hatuna wazimu, tukaenda kahawani, Asimo akaenda darasani. Huko aliambiwa kwamba hofu ile si wazimu wala si dhambi, ni mwili kukumbuka, akaanza na njiti isiyowashwa mfukoni mwa aproni, kisha mshumaa baridi mkononi, kisha njiti moja ikiwaka juu ya ndoo ya maji huku Danai amemshika bega. Julai 2024 simu zote za kijiji zikalia tahadhari kwa pamoja, moto ulikuwa mbali, upande wa pili wa kisiwa, lakini tulimkuta Asimo ndani ya bahari, maji kiunoni, mkoba kichwani. Alidhani amerudi mwanzo, Danai akamwambia hakuna anayerudi mwanzo, anarudi katikati, akaenda tena darasani Jumanne iliyofuata.

Mwezi Aprili 2025, katika hospitali ya Halkida, aligundulika ana saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Hakuogopa kufa, aliniambia wazi kwamba anachoogopa ni kumkuta Argyris gizani na kuulizwa ilikuwaje.

Tarehe 25 Novemba, asubuhi kabla upepo haujaamka, alikuja hapa peke yake akitembelea fimbo, na taa akaiwasha. Mwanamke aliyelimbikiza deni la miaka yote hiyo hawezi kupima mafuta, aliijaza taa mpaka ukingoni, taa ambayo sisi huitia mafuta ya kina cha kidole kimoja tu, na alipotaka kuondoka hakuweza, kwa sababu hakuweza kuacha moto bila mtu, na kuuzima hakuweza pia, angemrudisha mumewe gizani. Nilimkuta adhuhuri, manyunyu yanamlowesha, nikamsihi, nikamfokea, nikatishia kumbeba. Akaniambia, "Niache, Pandelis. Nimeuwasha mimi, naulinda mimi." Nikaleta viti, mablanketi na supu, nikakaa naye mpaka utambi ukafa wenyewe jioni, akacheka, akasema sasa twende. Kifua kikambana usiku huo huo, hakuinuka tena, na tarehe 9 Desemba 2025 akafariki kitandani kwake, mkono wake mmoja kwa Vasilo na mwingine kwa Kosmas, akiwa na miaka sabini na mmoja. Watu wananiuliza kwa nini sikumvuta kwa nguvu. Alikwisha kuvutwa kwa nguvu mara moja, ufukweni, sikuwa tayari kuwa wa pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Padri Stathis aliyekuja kila aliposikia kikohozi, wagema wenzake waliochimba kaburi hili kando ya Argyris, majirani mliopika, na Danai, ambaye nyuki wangu wote hawatoshi kumlipa asali.

Limebaki agizo lake. Ameomba taa yake iwashwe siku arobaini, mafuta kidole kimoja, na isiachwe hata siku moja bila mtu wa kukaa nayo mpaka izimike. Bi. Marigo, zamu ya leo ni yako, kiti nimekwisha kukuwekea, kesho nitakaa mimi, na ninyi wengine mtaniambia siku zenu mkitoka hapa.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Usiamke kuutazama moto, tumeketi nao.