Ndoo ya Kusiriba Nyumba

Kwa basi ya kwenda Mbale, mama mmoja alipakata ndoo ya mavi ya ng'ombe. Mimi nilikaa nyuma yake, nikakosa hewa. Jirani yake wa kiti, Hajati wa gauni mpya ya gomesi, akaziba pua. "Mama, kwani Mbale hakuna ng'ombe?"

"Kwetu wanyang'anyi walimaliza wote wakati wa vita. Na kesho kijana yangu Gidudu anarudi kutoka jeshi. Nataka kusiriba nyumba."

"Si uoshe na sabuni tu!"

"Sabuni inanuka hospitali. Gidudu aliacha nyumba inanuka hivi."

Hajati akachungulia ndani ya ndoo. "Basi changanya na majivu, viroboto watakimbia."

"Majivu ninayo. Unafikiri mimi mtoto?"

Basi ikasimama, mama akainuka kushuka. "Lakini sabuni ni sabuni," Hajati akasema, akimtwika ndoo na mikono yote mbili, pua wazi.