Kadi ya Theo

Kwenye tramu ya asubuhi kutoka Coburg, kitongoji cha Melbourne, mbele yangu alikaa Voula, mtunza majalada wa ofisi ya wapima ardhi, pamoja na Lachlan, fundi wao wa kompyuta. Saa nne walitakiwa kumwambia bosi ramani zihamie hifadhi ipi ya mtandaoni kati ya mbili.

"Ya kwanza ina nafasi kubwa, mama. Ya pili inakuonyesha nani kafungua faili na saa ngapi," Lachlan alisema.

"Hata kabati langu lilionyesha, mwanangu. Ukichukua jalada, unaacha kadi yenye jina lako mpaka ulirudishe. Nikilitaka, nakufuata mezani, tunapiga soga kwanza."

"Ndiyo maana kazi zilichelewa!"

Mimi niliyekuwa nikiwasikiliza nilicheka. Voula hakucheka. Alitoa mkobani kadi iliyofifia.

"Theo, mwenzetu wa ofisini, aliacha hii Ijumaa, Jumatano tukamzika. Imekaa kabatini miaka ishirini, mpaka jana walipolibeba kabati."

Lachlan aliipokea kadi, akalisoma jina. "Na jalada lilipotelea wapi?"

"Halikupotea. Nililikuta mezani kwake, nikalificha nyumbani. Lingerudi kabatini, kadi yake ingebidi itoke."

Tramu ikasimama. Walishuka bila kuchagua.