Chachu ya Kidete na Vichupa vya Costancia

Amefaulu! Jamani, Costancia wangu amefaulu, barua imeshuka na treni ya jana: ni daktari wa chuo kikuu, na aliyemzaa ni mimi!

Haya, sasa nisalimie kwa utaratibu. Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Shehe wetu, Bwana Mwenyekiti wa kijiji, ndugu wageni waalikwa: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za tangu asubuhi. Mzee Filipo, goti ulilokuja nalo utarudi nalo, baba. Mwanangu si daktari wa sindano.

Ni daktari wa nini basi? Alinieleza mwenyewe: “Mama, ndani ya kila kiumbe mna maagizo ya kuujenga mwili. Nakala yake ya kwanza, inayoitwa RNA, huja na vipande visivyotakiwa katikati. Wapo mafundi wadogo, hawaonekani kwa macho, wanaovikata hivyo na kuunga vinavyobaki.”

Nikamkatiza: “Hiyo kazi naijua!” Tangu mitumba iruhusiwe, ni nani hapa Kidete anayechukua suruali ya Mzungu mnene, akatoa palipochakaa, akaunga pazima, mtoto akaenda nayo shule? Si mimi?

Akacheka hadi akakaa chini. Akasema mafundi hao mtu anao, mbuzi anao, muhindi shambani unao, hata chachu ya pombe inao, wote wamerithi kwa mzazi mmoja wa kale mno. Mchungaji, usinikazie macho, mimi natoa taarifa tu. Ila chachu, vipande vya kukata vilipopungua, iliwapunguza kazini mafundi wengi, kama alivyopunguzwa baba Costancia mwaka ule. Na bado inaumua!

Sasa mwanangu anataka kujua: chachu ya kwetu imebakiza mafundi gani? Na Krismasi iliyopita, alipopita kwenu na vichupa na daftari, mlifanya nini? Mlimwaga pombe yote mkidhani ametumwa na bwana afya! Mama Fausta, nakutaja kwa upendo, uliniambia: “Mwenzangu, mtu akishika kalamu mbele ya pipa langu, hata awe mwanao, namwaga kwanza, salamu baadaye.” Siku ile mto Mkondoa ulilewa. Mtoto akaondoka na vichupa vitupu, nikamwona dirishani mwa treni akijifuta macho.

Atarudi mara moja tu kabla ya kazi yake kuanza. Akiondoka mikono mitupu tena, chachu itakayosomwa ni ya Ulaya peke yake. Mtakubali? Bwana afya yule pale, mdomo umejaa pilau yangu. Ameapa mbele ya Diwani kwamba hakamatwi mtu. Na Shehe, wasiopika pombe hawajaachwa: Mama Joha alete unga wake wa vitumbua uliolala ukaumuka.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kumvumilia mama mwenye furaha. Kila nyumba kikopo kimoja cha chachu, kisichomwagwa, uwanjani kwa kanisa, saa mbili asubuhi, Jumamosi ijayo.