Waombaji wa Benchi la Fundi Viatu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya kwenda hospitali. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na umebonyea upande wa kushoto kwa sababu ndipo anapokaa Mzee Breki. Breki aliendesha malori mpaka macho yakamkatalia; siku hizi anaendesha mazungumzo. Karibu naye hukaa Besi, fundi rangi wa nyumba, ambaye huimba sauti nzito kwenye kwaya, na hata akiomba sukari husikika ng'ambo ya barabara. Mwenye kibanda tunamwita Soli. Yeye hukaa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu katikati ya magoti na misumari midogo mdomoni, kwa hiyo akisema neno ujue ameliona lina uzito wa kutosha kutema misumari. Kahawa ni ya shangazi yangu. Shule iliponikatikia kidato cha pili alinichukua, akanipa vikombe vya kuosha mchana na kitanda cha karibu na dirisha usiku, na mimi namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Kuna neno ambalo halikosekani benchini. Mtu akipita akasema mtoto ana homa, anaambiwa, "Tunakuombea." Akisema mwenye nyumba amemtolea vitu nje, anaambiwa, "Tunakuombea." Wote wanne ni wa kanisa moja, na neno lenyewe wanalisema vizuri, kwa upole, pamoja na kikombe cha moto. Mtu huondoka mabega yakiwa yameinuka kidogo. Kisha wanarudi kwenye ubishi waliouacha.

Ndivyo walivyomwambia Spoku, fundi baiskeli wa kona ya pili, siku aliyokuja akasema mke wake amelazwa na madaktari wanazungumza naye bila kumtazama machoni. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwenye foleni ya maji. Niliporudi nilimkuta anaondoka, anajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Baada ya hapo hatukumwona tena. Kila jioni alikuwa akifunga karakana na kwenda wodini.

Alhamisi hii alasiri akatokea. Hatukumtambua mara moja kwa sababu mikono yake ilikuwa safi. Alisema baada ya wiki kadhaa wodini na upasuaji mmoja mke wake ameruhusiwa, jana amelala nyumbani, na asubuhi amelalamika kwamba uji hauna sukari. Hilo la uji alilisimulia mara mbili, kama mtu anayesimulia harusi. Jumapili anampeleka kanisani kushukuru, na ameshaongea na mchungaji: hawa wanne wa benchini wataitwa mbele kwanza, kabla hata ya ndugu, wasimame kanisa liwaone.

– Dawa zimefanya kazi yake, alisema. Lakini walioshikilia ni nyinyi.

Akampa kila mmoja mkono, kwa mikono yote miwili. Hata Soli aliyekuwa na gundi vidoleni hakuachwa. Akaondoka anapiga mluzi.

Nikiwa kwenye beseni la vikombe nilisikia mluzi ukiishilia kwenye kona.

– Nani aliomba? akauliza Breki.

Besi akakohoa. Soli akagonga msumari ambao ulikuwa umeshazama.

– Nauliza tu. Maana mimi nilijua wewe Besi unaomba, ndiyo nikapumzika.

– Na mimi nilijua ni wewe, mzee. Wewe ndiye mwenye nafasi.

Wakamgeukia Shangazi, kwa sababu yeye hufunga kula mara kwa mara na wanamheshimu. Shangazi hakujificha. Alisema alilitamka lile neno na wakati ule alilimaanisha, lakini kahawa ikafurika, akageukia jiko, na alipomaliza kufuta alikuwa ameshamsahau mke wa watu.

Breki ndiye aliyeanza kututafutia njia. Alikumbuka kwamba jioni ile, akivuka barabara kwenda kwake, alisema moyoni, "Mungu amsaidie yule bwana." Hakuwa na uhakika kama alimaanisha Spoku au dereva wa basi aliyekuwa anahangaika na gia, lakini alisema. Na sala fupi nayo ni sala. Honi si lazima uilalie. Ukiigusa tu, mwenye masikio amesikia.

Besi akaona hapo pana mlango. Akasema kwaya kila mazoezi humaliza kwa kuombea wagonjwa wote. Wote maana yake nini? Mke wa Spoku alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alikuwa ndani ya wote. Yaani ameombewa kwa jumla, na sauti iliyobeba sala ile ni ya nne, ile nzito yake, maana ukitoa sauti ya nne kwaya inabaki inaelea.

– Kwa hiyo ukipaka ukuta wa jirani, nyumba yangu nayo imepakwa, alisema Shangazi.

– Ikiwa ziko mtaa mmoja, inapendeza zaidi, alijibu Besi, na Breki akacheka mpaka ubao ukatikisika.

Soli hakucheka. Alitema misumari kiganjani.

– Jumapili tutasimama pale mbele kama nani?

Besi akasema kusimama si kusema. Mtu anaitwa, anasimama, anakaa. Hakuna atakayeulizwa kitu. Soli akamjibu kwamba ukiitwa kwa kazi ambayo hukuifanya, ukaitika, umeshasema. Yeye kila siku anawaambia wateja kwamba soli ni ya ngozi kama ni ya ngozi, na ya mpira kama ni ya mpira, na wengine humkimbia kwa sababu hiyo. Sasa akadanganye madhabahuni?

Hapo Breki akaacha mzaha. Akavua miwani na kuifuta kwa shati.

– Sikilizeni. Mimi nimemwona yule bwana uso wake. Ameshika kitu, na hicho kitu ndicho kilichomfikisha leo. Mnataka twende tukamnyang'anye mkononi, ili sisi tulale vizuri?

Mimi nilisugua kikombe kimoja mpaka kikapiga kelele. Niliona Breki ana haki, na Soli ana haki, na sikujua haki mbili zikikaa benchi moja nani anasogea.

Ndipo Besi akaja na kubwa kuliko yote. Alisema tunahangaika bure, maana Mungu hana saa ya ukutani. Jana na leo kwake ni chumba kimoja. Kwa hiyo leo hii wakikaa, wakaomba kwa nguvu kwa ajili ya zile wiki zote, sala itarudi nyuma mpaka wodini, imkute mama wa watu kitandani, na Jumapili watasimama kwa haki kabisa.

Breki aliliwaza jambo hilo kwa makini, kama anavyowaza kila kitu kinachofanana na gari.

– Irudi kinyumenyume?

– Kinyumenyume.

– Na mizigo yote hiyo? Hapo kunatakiwa mtu wa kusimama nyuma akiongoza.

Walikuwa wameanza kugawana wiki, nani aombee ya kwanza, nani ile ya upasuaji, na Besi alishatangaza kwamba ya upasuaji ni yake, Shangazi akisema yeye hashiriki mchezo huo, nilipowaona watu wawili wakija kwa mwendo wa taratibu kutoka upande wa karakana ya baiskeli. Mwanamke alikuwa amejifunika mtandio mabegani, mkono mmoja ameuweka tumboni kama mtu aliyebeba kitu cha kumwagika. Mkono mwingine ulikuwa umeshikwa na Spoku. Mke wake alikuwa hajawahi kufika benchini, kwa hiyo Breki alidhani ni mteja wa viatu na akamwonyesha kigoda cha Soli.

– Nilimwambia asitoke, alisema Spoku. Amekataa kungoja Jumapili. Huyu ndiye.

Besi alisimama kwa haraka, ubao ukanyanyuka, Breki nusura aende chini. Nafasi ikapatikana. Mama yule akakaa, akashusha pumzi, na Shangazi akanituma maji ya uvuguvugu kwa kuwa kahawa alikatazwa. Alikunywa kidogo akishukuru. Kisha akaanza kusema, na hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo wote tuliinama ili tumsikie.

Alisema kila jioni wodini kulikuwa na kigari cha chai kilichopita kati ya vitanda, gurudumu moja likilia. Mume wake alikuwa amemwambia kwamba saa hiyo hiyo watu wa benchini wanakusanyika kwenye kahawa, na wakikusanyika wanamwombea. Kwa hiyo akisikia lile gurudumu, naye alikuwa anafumba macho ili aungane nao.

– Kuna siku maumivu hayakuniachia hata neno, alisema. Basi nilikuwa nasema, "Bwana, haya haya wanayosema wao."

Akatutazama mmoja mmoja, akitabasamu.

– Nimekuja nimwone anayeongoza. Ni nani kati yenu?

Hakuna aliyeamua, lakini macho yote yalikwenda kwa Besi. Ndiye mwenye sauti. Mwenyewe alijua, maana aliweka kikombe chini na kurekebisha kola ya shati lake lenye matone ya rangi. Nilimwona akivuta pumzi ya kuimbia. Nikashika pindo la nguo ya Shangazi.

– Shemeji, alisema Besi.

Kisha ile pumzi ikamtoka bila sauti. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kumsikia nayo.

– Shemeji, mimi sikuomba. Hata siku moja. Nilisema tu.

– Na mimi, alisema Breki, miwani mkononi.

Soli akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ni vivyo hivyo. Shangazi alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yule, akamshika goti.

– Tulisema, mwanangu, tukarudi kwenye kahawa. Tusamehe. Hapa tunalitoa neno hilo kama tunavyosema karibu.

Spoku alikuwa amesimama nyuma ya mke wake. Aliwatazama, na uso aliokuja nao alasiri ukaanza kumshuka.

– Mliniambia, alisema. Nikaenda nikamwambia yeye. Kila siku nilimwambia.

Akageuka akatazama barabara. Besi alijaribu kumgusa bega, naye akalivuta. Nilitamani Breki angesikilizwa. Pikipiki moja ilipita, ikafuatwa na mtu wa mkokoteni wa mbao aliyetusalimia kwa furaha, na hakuna aliyemwitikia.

Mama yule ndiye peke yake ambaye hakuwa amebadilika. Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alipita njia gani.

– Basi zile jioni, akauliza, nilikuwa naomba na nani?

Akaweka kikombe cha maji magotini.

– Nauliza kwa kweli. Kwa sababu sikuwa peke yangu. Hilo sina shaka nalo hata kidogo, nawaambia. Mtu anajua kama yuko peke yake. Nilikuwa nikifumba macho nasikia kuna wenzangu wameshaanza.

Alimtazama Breki, kwa umri wake. Breki akavaa miwani, akaivua tena. Alimtazama Besi, ambaye nusu saa nzima alikuwa na majibu ya kila kitu mpaka ya gia ya nyuma, naye akatazama chini kwenye vipande vya mpira. Shangazi alikuwa analia bila kujifuta. Spoku aligeuka taratibu, akamtazama mke wake kana kwamba na yeye ndiyo kwanza analisikia swali, akakaa pale pale chini kando ya matofali, miguuni pake.

– Jumapili hatutakuja mbele, shemeji, alisema Breki.

– Mtakuja, alisema yeye. Nitasimulia hivi hivi ilivyokuwa, na nyinyi msimame. Mimi nina mengi ya kushukuru, sitaki kuanza kwa kuyapunguza.

Kisha akasema angependa, kama si usumbufu, waombe sasa. Hakulisema kwa kuwachoma. Alisema kwa sababu ilikuwa ile saa ya kigari cha chai na alikuwa ameizoea.

Walitazamana. Besi akatikisa kichwa, leo hapana. Ndipo Soli alipoweka kiatu pembeni, akashuka kutoka kwenye kigoda na kupiga magoti kati ya mabaki ya ngozi, mikono ina gundi. Na sisi tukashuka, kila mtu alipokuwa, Breki akijishikilia kwenye ubao, mimi kando ya beseni.

– Bwana, alisema Soli, tunakushukuru kwa ajili ya huyu mke wa Spoku.

Akakwama. Alifumbua macho, akamgeukia mama yule, na kwa aibu akamuuliza jina lake.

Akamwambia.

Soli akafumba macho, akaanza upya.