Kilomita Sitini na Moja za Fundi Saa

Kijiwe cha Fundi Saa hakina paa wala meza ya maana, ila kina kitu ambacho vijiwe vyote vya jirani vinakionea wivu, nacho ni benchi la zege. Ni bamba nene lililolazwa juu ya mawe mawili, linatosha watu wanne wanene, na hata jua liwake vipi, ubaridi wake haukatiki. Fundi mwenyewe halikalii. Ana kiti chake cha magurudumu na kimeza cha kutengenezea saa. Chumba anacholala kiko nyuma yake, mlango wa tatu. Mbele yake kuna mtaro mpana, na ng'ambo ya mtaro ndiko kuliko na soko, zahanati na nyumba ya binti yake aliyejifungua miezi miwili iliyopita. Asubuhi hiyo Mama Kahawa alikuwa keshamimina, na kikombe cha Fundi kilikuwa kinapoa bila kuguswa. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake kutoka ofisi ya huduma kwa watu wenye ulemavu, naye alikuwa amempa Profesa amsomee.

Profesa alifagia maabara ya shule miaka ishirini, na elimu yote iliyodondoka sakafuni, kwa maelezo yake mwenyewe, aliizoa.

— "Kiti chako," akasoma kama mtangazaji wa redio, "jana kimetembea kilomita sitini na moja. Kasi ya juu, kilomita sabini kwa saa. Afisa wetu atakutembelea leo."

Wote wakamgeukia Tairi, mwendesha pikipiki, ambaye ghafla akaona kuna kitu cha kuangalia ndani ya kikombe chake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ofisi ilifunga kidude kidogo chini ya kila kiti ilichokigawa, kihesabu mwendo, ili ijue tairi za nani zimekwisha na nani anakwenda wapi. Wiki iliyopita ikaandika kwamba kiti cha Fundi kinatembea mita sitini tu kwa siku, na kisipotumika zaidi kitapewa mwenye shida kubwa. Tangu hapo Fundi hakula akashiba. Tairi ana moyo mzuri, tatizo ni kwamba unatangulia kichwa. Jana alikifungua kidude kimyakimya, akakifunga chini ya pikipiki yake.

— Nilikuwa nakusaidia, mzee, Tairi akasema.

— Ungenisaidia kilomita mbili, Fundi akamjibu.

— Nikapata abiria wa uwanja wa ndege. Ningemwambia ashuke, kiti cha mzee kimeshatembea vya kutosha?

— Tulieni, Profesa akasema. Tutasema ulikuwa mteremko.

— Mteremko wa kilomita sitini unaishia chini ya ardhi, Mama Kahawa akamwambia. Semeni alifukuzwa na mbwa.

— Kwa kasi ya sabini?

— Mbwa mwenyewe alikuwa mkali.

Profesa akashusha sauti.

— Hamjui mnachocheza nacho. Kidude kile hakihesabu magurudumu, kinahesabu nia. Fundi akiwaza safari, kinaandika safari. Hapa tulipo satelaiti inatuona. Wanajua hata nani anatia sukari vijiko vitano.

Mama Kahawa akavuta kopo la sukari karibu na paja lake.

— Na ikijua mimi ndiye niliyekibeba? Tairi akauliza, akakunja shingo kulitazama anga.

— Imeshajua. Umeshahesabiwa kuwa mlemavu. Jiandae kuletewa kiti.

Walicheka wote isipokuwa Fundi.

— Chekeni, akasema. Wakikichukua hiki, nitakuja hapa nikitambaa.

— Tutakubeba, mzee, Tairi akasema. Si huwa tunakubeba?

— Ndiyo. Mmoja anashika gurudumu, mwingine ananishika kola, nafika kwa binti yangu nimekunjamana, vifungo viwili havipo. Nimechoka kubebwa. Mjukuu wangu nimemwona mara moja, tena kwa kuwa aliletwa. Kidude hakikusingizia. Natoka kitandani, nafika hapa, narudi. Ndiyo mita sitini zangu.

Wakanywa kahawa.

Ndipo wakasikia fimbo ikigonga ng'ambo ya mtaro. Alikuwa dada mmoja mwenye mkoba begani na fimbo nyeupe mkononi, hakuwa akiona. Akaupima mtaro kwa fimbo, upana na kina, akapapasa na kingo zake taratibu. Tairi akakimbia kumpa mkono, naye akaruka vizuri kuliko Tairi.

— Shikamoo wazee. Natoka ofisi ya huduma. Namtafuta mwenye kilomita sitini na moja.

— Ulikuwa mteremko, Profesa akasema.

— Ni mimi, dada, Tairi akasema papo hapo. Nilikifunga kwenye pikipiki. Nisamehe.

Dada akacheka.

— Hiyo tulishaijua. Kiti gani kinasimama vituo vinne vya mafuta? Mimi zimenileta zile mita sitini. Baba, kila siku unafika hapa, unasimama, unageuka. Wenzangu wakasema hukitaki kiti. Mimi nikasema nije nijue hapa pana nini.

Fundi akanyoosha kola yake. Alikuwa amejiandaa kusomewa mashtaka, si kufuatwa kwa wema. Mama Kahawa akamkaribisha mgeni akae. Profesa akasogea, akaanza kumweleza habari za satelaiti. Dada alikuwa anamsikiliza nusu nusu, mkono wake ukitembea kwenye ukingo wa benchi hadi ukagota kwenye pete ya chuma yenye kutu. Akainuka, akalaza fimbo juu ya bamba, akalipima mara mbili.

— Samahani, wazee wangu. Hiki mlichokalia mlikitoa wapi?

Profesa akanyamaza katikati ya satelaiti. Tairi akarudi kwenye kikombe chake, safari hii kilikuwa kitupu. Fundi alikumbuka vizuri. Mvua kubwa, mtaro umeziba, wanaume wanne wakaling'oa bamba la kuvukia ili wauzibue, wakaliweka hapa kwa muda, mtu mmoja akalikalia. Na yeye alifurahi kupata watu wa kupiga nao soga. Muda huo sasa ulikuwa na miaka minne.

Tairi ndiye aliyesimama kwanza. Mama Kahawa akaondoa birika. Mwisho akainuka Profesa, akijipangusa makalio. Wakamwita muuza nyama wa jirani na msaidizi wake, wakainua pande zote nne kwa miguno. Bamba likaingia kwenye kingo za mtaro kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Fundi akavuka. Hakuna aliyemgusa. Nyuma yake Mama Kahawa alikuwa amesimama na vikombe, akiyatazama mawe mawili yaliyobaki.

— Sasa jamani, akauliza, tutakaa wapi?

Wakatazamana. Fundi alikuwa ameshafika ng'ambo, kola yake imenyooka.

— Mimi kiti ninacho, akasema, akakata kona ya kwenda kwa mjukuu.