Koti Lenye Jina la Mtu

Hebu niambie wewe: ukipewa koti la kazi, mfukoni ukakuta nusu biskuti, na kifuani limetariziwa jina la mtu mwingine, utauliza au utavaa? Kijana wa kijiweni aliyebandikwa jina Digrii hakuuliza. Miaka minne ya chuo, shahada ya filamu, kisha miaka mitatu ya kuomba kazi na kujibiwa "we will call you". Mtu wa namna hiyo akipewa koti anasema asante. Akalileta kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya cherehani ya Fundi Pindo, lifumuliwe jina na kupunguzwa mikono. Kesho saa moja asubuhi alikuwa anaanza kazi kwenye chumba cha baridi cha ghala la samaki: kupanga katoni, kupangua katoni. Mama yake alikwishawatangazia majirani.

Fundi akashika wembe. Kinyozi, jirani yake wa kibanda, akamimina kahawa, na ubishi ukaendelea pale ulipoishia jana: filamu ya kutisha inakutishaje dakika za mwanzo, zimwi lenyewe halijatokea?

Kinyozi alishikilia kwamba ni muziki. Zima sauti, alisema, uone kama hutacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Digrii akamuuliza methali hiyo imeingilia dirisha gani. Akajibiwa kwamba mkuu ni spika.

Fundi Pindo, ambaye hajawahi kumaliza filamu ya aina hiyo hata moja, akasema siri ni nyumba. Nyumba yenye ngazi ndani lazima ifiche kitu, ndiyo maana yeye amepanga chumba kimoja. Kinyozi akaona anapitwa, akapandisha dau: watengenezaji hutia kwenye picha rangi ambayo jicho halioni ila utumbo unaiona, na ndiyo sababu watu hukimbilia chooni dakika ya tano.

— Utumbo una macho? aliuliza Digrii.

— Wako una digrii, wangu una macho.

Digrii akaona aibu kwa niaba ya elimu.

— Sikilizeni, kaka zangu. Nimeandika kurasa themanini juu ya hizo dakika tano, ziko chuoni zinaliwa na mende. Zimwi halionyeshwi. Unaonyeshwa kitu kilichoachwa na mtu: kiatu kimoja, chai iliyopoa. Halafu anakuja mgeni, anaambiwa jambo dogo harakaharaka, anaitikia, anaingia. Sisi tuliokaa vitini tunajua. Yeye hajui.

— Jambo dogo kama lipi? Wembe wa Fundi ulikuwa kwenye herufi ya tatu.

— Lolote. Kama leo mtunza ghala kaniambia, "Ukiwa ndani usiuache mlango ujifunge, kitasa cha ndani kimekufa." Kisha akanipa koti.

Kinyozi akaanza kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

Dada mmoja alikuwa amefika kuchukua sare ya mwanawe. Alisimama akisubiri, macho kwenye herufi zilizobaki.

— Samahani, kaka zangu. Mwenye koti yuko wapi?

Kinyozi, mwenye nadharia ya kila kitu, akachungulia kikombe chake. Fundi akasema huenda amestaafu. Dada akagusa viwiko vya koti, bado vipya kabisa, si vya mtu aliyefanya kazi hadi kustaafu.

Digrii akaitoa ile nusu biskuti. Karatasi yake ilikunjwa pembe nne, vizuri, na mtu aliyekusudia kuimalizia baadaye.

— Rudishia herufi, Fundi.

Fundi hakutunga uzi mara moja.

— Mdogo wangu, ukiuliza, koti watampa mwingine.

— Najua.

Saa tisa alasiri Digrii alikuwa dirishani kwa mtunza ghala, koti mkononi, jina limetimia kwa uzi wa rangi nyingine.

— Shikamoo, mzee. Kazi naitaka, tena sana. Lakini wekeni kitasa leo, nione mlango ukifunguka kwa ndani, na mniambie mwenye jina hili yuko wapi. Mkiona ni rahisi kumpa mwingine hili koti, mpeni. Atanikuta hapa mlangoni, nitamwambia aulize.