Mimi Nani?

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto kidogo, na kama uko dukani mwambie mteja asubiri. Leo tunamkumbuka Perpetua Malabanan. Wengi wetu tulimwita Aling Petang, yaani Bi Petang. Alikuwa mshonaji wa sare za shule hapa Ilayang Bukal, na tumemzika Jumamosi. Kwa aliyewasha redio sasa hivi, narudia: tunamkumbuka Aling Petang, mshonaji, yule wa "mimi nani?"

Mnaocheka, chekeni. Mwenyewe alijua tunamwita hivyo.

Kwetu mgeni husimama nje ya geti akaita, "Tao po." Ndiyo hodi yetu. Maana yake, huyu hapa ni mtu, na lile "po" ni la adabu. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Na wa nje, awe mjomba, padri au muuza tofu, hujibu, "Mimi po." Basi. Hatutaji jina. Ukitaja jina unaonekana unajifanya mgeni kwa watu wanaoijua sauti yako. Tunajibu hivyo sote, na tukishajibu hivyo tunafunguliwa.

Aling Petang naye alikuwa hivyo hivyo. Mumewe, Mang Isko, yaani Bwana Isko, alikuwa fundi wa kuchomelea. Nusu ya mageti ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake. La nyumbani kwake alilitengeneza kwa bamba zito la chuma, bila tundu, na makomeo ambayo mtoto hawezi kuyasogeza. Mchana mmoja mtu aliita, "Tao po." Mang Isko akauliza nani. "Mimi po." Sauti aliifananisha na ya mteja aliyeahidi kuja. Akavuta makomeo yake mwenyewe.

Waliingia wanaume watatu. Walichukua televisheni, pete za ndoa na kichwa cha cherehani. Mang Isko alijaribu kuwazuia. Walimpiga kwa nondo iliyokuwa karakanani kwake, na hakupona.

Polisi walipofika walilikagua lile geti na kulisifu. Halikuwa na mkwaruzo. Wasikilizaji, hapa ndipo Aling Petang alipokuwa akisimama kila alipoisimulia habari hii. Alikuwa akisema: "Geti halikuvunjwa. Geti lilifunguliwa." Halafu anakutazama mpaka uitikie.

Tangu hapo hakumfungulia mtu aliyejiita mimi. Ukijibu "mimi po," yeye anauliza, "Mimi nani?" Ukisema, "Mimi, wa sketi ya bluu," anasema, "Sketi haina mama? Taja jina." Wateja wengine walikasirika, wakapeleka vitambaa kwingine. Wengi walirudi, kwa sababu mikunjo ya sketi zake ilikuwa haifumuki.

Kuna jambo la pili alilolianza. Kabla ya kwenda getini aligeuka kuelekea ndani na kuita kwa sauti kubwa, "Isko! Kuna mtu!" Mang Isko alikuwa amekwisha kuzikwa. Lakini wa nje hakulijua hilo, na mwizi hapendi nyumba yenye mwanamume. Mlangoni aliweka viatu vya Isko. Alivifuta vumbi kila asubuhi na kubadilisha mahali vilipoelekea, maana mwizi, alisema, ana macho ya kusoma viatu.

Mdogo wake, Aling Conching, anakaa nyumba inayofuata. Mume wake yuko ughaibuni, kwenye visima vya mafuta. Naye akaanza kumwita Isko kila aliposikia hodi. Nyumba ya tatu mume ni baharia. Naye akamwita Isko. Mtaa huu una wanawake wengi wanaoishi bila waume zao, na wote wakaazima mume mmoja. Muuza samaki alimwuliza Conching, "Hivi huyu Isko ana wake wangapi?" Conching akamwambia apime samaki.

Mnaweza kucheka. Lakini mwaka ule nyumba za mtaa wa jirani zilipoibiwa na mtu aliyejidai mkaguzi wa mita, huyo mtu alipita kwetu pia. Aling Petang alimwuliza jina lake, jina la mkubwa wake, na jina la aliyemtuma. Alipofika la tatu mtu hakuwepo tena.

Sasa tuzungumze kuhusu mwanawe. Yeye na Isko walikuwa na mtoto mmoja, Delfin. Delfin ni baharia wa meli za mizigo. Baba yake alipouawa, yeye alikuwa katikati ya bahari, na mkataba haukumruhusu kushuka. Hakumzika baba yake. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa: Delfin hakumzika baba yake.

Alipopata likizo alikuja bila kutoa taarifa. Alitaka kumshangaza mama. Alisimama nje ya lile geti na begi lake begani, akaita, "Tao po."

"Nani?"

"Mimi po."

"Mimi nani?"

Conching alikuwa anaanika nguo, akayasikia yote. Anasema Delfin alicheka. Alidhani ni mchezo. Akasema, "Mimi tu, Mama." Aling Petang akaita, kwa ile sauti yake ya kila siku, "Isko! Njoo na panga, kuna mtu hataki kutaja jina."

Conching anasema kijana aliliachia begi likaanguka. Alisema, "Mama, Baba amekufa." Mama akajibu kutoka ndani, "Taja jina." Delfin akasema mama mzazi haombi jina la mtoto wake. Mama akasema hata wale walikuja na sauti inayojulikana. Conching aliruka ukuta wa maua kumsihi kijana ataje jina yaishe. Hakutaja. Alibeba begi lake akaenda kwa marafiki zake mjini Lucena, na likizo ilipoisha akarudi melini.

Nilimwuliza Conching kama dada yake hakuitambua sauti. Alikunja kitambaa chake mara kadhaa kabla ya kunijibu.

"Aliitambua. Aliniambia, nilimjua tangu 'tao.' Nilitaka jina tu, Conching. Mkono ulikuwa kwenye komeo, nangoja jina tu."

Baada ya hapo Delfin alituma salamu kupitia kwa mama yake mdogo, na mama alituma salamu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka ukapita, na mwingine. Hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Kisha Aling Petang alimwita fundi atoboe tundu la kuchungulia kwenye geti. Ni jambo la busara, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo: mumwone mtu kabla hamjamfungulia. Lakini fundi alipotaka kutoboa usawa wa macho yake, alikataa. Alionyesha juu zaidi, juu ya kichwa chake. Fundi alimwambia hataona kitu. Akajibu, "Toboa hapo." Aling Petang alikuwa mfupi, mnamkumbuka. Aliweka stuli chini ya tundu. Mtu akiita, alipanda stuli na presha yake ile, akachungulia, akashuka, ndipo akauliza nani. Conching alimgombeza asije akaanguka. Aling Petang alijibu kwamba tundu liko usawa wa uso wa Delfin, na yeye si mjinga, anajua anachofanya.

Alifariki mchana, akiwa kwenye cherehani, na sketi ya mtoto wa watu ikiwa bado chini ya sindano. Presha. Conching aliita getini, akataja jina lake kamili kama kawaida, na hakujibiwa. Ikabidi makomeo ya Isko yakatwe kwa msumeno.

Mnajua desturi yetu. Jeneza likiwa ndani, nyumba haifungwi. Geti lile lilikaa wazi usiku na mchana, watu wakiingia na kutoka, kahawa na biskuti mezani, karata uani. Viatu vya Isko vilibaki mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Delfin alifika siku ya mwisho kabla ya maziko. Geti lilikuwa wazi, lakini hakuingia. Alisimama nje palepale aliposimama siku ile. Aliliona lile tundu, likamtazama usoni moja kwa moja. Chini yake aliiona stuli. Watu wa karata waliacha kucheza.

Akaita, "Tao po."

Conching alitoka mlangoni. Alimwona vizuri kabisa. Akauliza, "Nani?"

Kijana alikuwa analia. "Mimi po."

"Mimi nani?"

"Delfin po. Delfin Malabanan. Mtoto wa Isko na Petang."

Conching akageuka kuelekea ndani, kwenye jeneza, akaita kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa: "Isko! Petang! Fungueni, ni Delfin."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu tunampa pole Delfin, tunampa pole Aling Conching, na wote wa Ilayang Bukal waliomwazima Isko. Pumzika, Aling Petang.

Nanyi mnaosikiliza, leo mtu akiita getini kwako, uliza jina kabla hujagusa komeo. Na ukiwa wewe ndiye uliye nje, hata kama ni kwa mama yako, taja jina lako. Yuko upande wa pili, mkono wake uko kwenye chuma, anangoja.